Medali Ndani ya Boila

Malachy Gilheany alikuwa amepiga magoti kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, masizi usoni, akikibembeleza kichomeo kipya cha boila, ile mashine ya kupasha nyumba joto, kama anavyobembelezwa ndama aliyegoma kunyonya. Alibonyeza kitufe chekundu. Feni ikavuma, cheche zikalia, mafuta ya taa yakashika moto, vuu! Malachy akakaza macho bila kupumua. Haukupita muda, tap, moto ukazimika, na taa ndogo nyekundu ya hitilafu ikawaka tena kumkejeli.

"Mshenzi we," alikiambia kichomeo.

Alikuwa na haki ya kutukana. Mkewe, Attracta, alivunjika nyonga mwanzoni mwa vuli. Alitibiwa, akajifunza kutembea upya, na sasa hospitali ilikuwa tayari kumruhusu. Lakini alasiri hii nesi wa wilaya angekuja kuikagua nyumba, na akiikuta baridi, Attracta angepelekwa kwenye nyumba ya wazee kule mjini "mpaka baridi ipungue". Malachy aliwajua waliopelekwa kule mpaka baridi ipungue. Majeneza ya baadhi yao alisaidia kuyabeba. Alimtaka mkewe nyumbani, basi, na hakuwa na ombi jingine duniani.

Kichomeo cha zamani kilikuwa kimechagua wiki hii hii kufa. Mafundi wote wa kaunti ya Leitrim walikuwa wameshikwa na kazi hadi karibu na Krismasi, maana watu wa huku hukumbuka boila zao siku ya kwanza ya jalidi, wote kwa pamoja. Malachy, aliyeutumia ujana wake akitengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, akanunua kichomeo kipya na kukifunga mwenyewe.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Fonsie, jirani yake, kofia imezama mpaka masikioni, kikombe cha chai mkononi. Wawili hawa walianza kutaniana shuleni na hawajapumzika.

"Bado?"

"Kinawaka, kinazima."

"Kama wewe kwenye dansi enzi zile."

"Lete hiyo chai, halafu nishikie tochi."

Walianza kwa kutoa hewa kwenye mafuta. Malachy akalegeza skrubu ya pampu, Fonsie akakinga chupa ya jamu, mafuta yakatoka na mapovu, kisha yakatoka safi. Wakajaribu. Vuu, tap. Wakatoa nozeli, ile ncha inayopulizia mafuta, wakaitazama, haikuwa na kosa. Wakairudisha. Vuu, tap.

"Ngoja, bwana," Fonsie alisema. "Moto unawaka. Kwa hiyo mafuta yapo, cheche zipo. Sasa anayezima ni nani?"

"Jicho."

Jicho ni kidude kidogo kinachoutazama moto. Kisipouona, hudhani mafuta yanamwagika bure, na hapo hufunga kila kitu. Malachy akalichomoa, akalifuta kwa pindo la shati, akalirudisha. Vuu, tap.

"Jicho jipya, upofu limeupata wapi?" Fonsie aliuliza, akanyoosha mkono apapase ndani ya kichomeo.

"Usiguse hapo!"

Fonsie akaurudisha mkono. "Haya, mzee. Kumbe kuna siri."

Kweli siri ilikuwepo. Malachy alipokifungua kichomeo cha zamani, aliikuta kwa chini, imebandikwa kwa plasta iliyojaa vumbi, medali ya Bikira Maria yenye utepe wa buluu. Hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Attracta alikuwa na medali kwenye gari, medali kwenye banda la kuku, na nyingine aliizika kwenye msingi wa nyumba kabla zege halijamwagwa. Miaka yote hiyo Malachy alimcheka. Lakini asubuhi hii, peke yake kibandani, aliibusu ile medali na kuitundika ndani ya kichomeo kipya kwa utepe wake, karibu na moto kadiri ilivyowezekana. Fonsie akijua, kufikia misa ya Jumapili Leitrim nzima itakuwa imejua.

Simu ikalia mfukoni.

"Nyumba imepata joto?" alikuwa Attracta, kutoka hospitali.

"Inakuja, inakuja."

"Usinidanganye, Malachy. Nasikia meno yako yakigongana."

Malachy akampa Fonsie mgongo na kuishusha sauti. "Attracta, ile medali. Niliikuta."

"Umeitupa?"

"Niitupe? Nimeitundika. Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya kichomeo. Nilidhani ikiwa karibu na moto itafanya kazi zaidi."

Attracta akacheka mpaka mtu wa kitanda cha jirani akasikika akiuliza kulikoni. "We mwanamume! Mama Maria hana haja ya kuingia motoni ndipo asikie! Itoe. Feni inaivuta. Hata mimi niliitundika humo humo, boila ikawa inazima, nikaitoa kabla hujarudi kutoka kazini na kuibandika kwa nje."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na ulivyokuwa unanicheka?"

Lile likamwingia Malachy. Alitamani kumwomba radhi pale pale, lakini akasema tu, "Nitakupigia."

Akafungua kifuniko. Medali ilikuwa imening'inia pembeni, imetulia, haimsumbui mtu. Malachy akaipuliza kwa mdomo kama feni. Ikayumba, ikaenda kukaa barabara mbele ya jicho.

Fonsie alikuwa amesimama nyuma yake, ameona yote. Malachy akasubiri kejeli.

Fonsie akavua kofia, akaigeuza ndani nje. Kwenye bitana kulikuwa na medali ndogo, imeshonwa kwa uzi mweusi.

"Bridie aliishona kabla hajafa," alisema, akimkumbuka mkewe. "Ukimwambia mtu nitakuua."

Fonsie akakata kwa meno kipande cha selotepu nyeusi ya umeme, Malachy akaibandika medali kwa nje, chini, mahali pake. Akabonyeza kitufe. Vuu. Wakasubiri bega kwa bega, wazee wawili wakilikodolea macho tundu la boila. Moto haukuzima. Ndani ya nyumba mabomba yakaanza kugonga na kulalamika yakipata joto, na Malachy akajifuta macho kwa mkono wenye masizi.

Nesi Gormley alipofika, alipita chumba kwa chumba akigusa rejeta za ukutani, zile zinazosambaza joto la boila. Chumbani alisimama kidogo. Juu ya rejeta, upande wa kitanda anaolala Attracta, palikuwa pametandazwa gauni lake la kulalia, ili lipate joto.

"Lakini anarudi kesho, siyo leo," nesi alisema.

Alitaka kumrekebisha tu, wala hakujua alichosema. Malachy ndiye aliyesikia kwamba ruhusa imetoka. Tayari alikuwa anapiga simu.

"Attracta? Gauni lako limeshapata joto."

Upande wa pili akasikia kamasi ikivutwa.

"Basi usiliondoe," mkewe alisema. "Nakuja."