Vazi la Mama Mkwe

Mlinzi wa bwawa la kuogelea la mji aliitwa Kanuni, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na watu aliowarudisha nyumbani. Ubao wa mlangoni ulisema haingii mtu majini bila nguo ya kuogelea inayobana mwili, na Kanuni aliusoma kwa sauti kama hakimu anayesoma hukumu. Aliwarudisha wenye bukta za mpira, wenye fulana, hata shemeji yake aliyekuja na suruali iliyokatwa magotini. "Nguo za kawaida zinatoa nyuzi, na nyuzi zinaziba chujio," alisema, na ukibisha anarudia vilevile, mpaka unachoka unaondoka zako.

Sasa asubuhi moja, katika zamu ya akina mama, akaingia mama mkwe wake.

Huyu alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake haukuwa na likizo. Magoti yalikuwa yamemchoka kwa kukanyaga cherehani maisha yake yote. Daktari alimwambia atembee ndani ya maji kila wiki, la sivyo ngazi azisahau. Na ngazi ndizo zilizokuwa habari yenyewe. Binti yake alikuwa amejifungua, naye na mumewe, huyohuyo Kanuni, walikaa orofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Mjukuu alishushwa kuonyeshwa kidogo, kisha akapandishwa. Kumwogesha, kumbembeleza, kushinda na binti yake siku nzima, yote hayo bibi aliishia kuyasikia kwenye simu.

Na Kanuni, tusifichane, alizishukuru sana zile ngazi. Siku ya kuposa alijisifu mbele ya wakwe kwamba nyumba imekamilika: makochi, kabati la vyombo, kila kitu. Uongo mtupu! Mle ndani mlikuwa na godoro, jiko na ndoo za maji. Kila alipomfikiria mama mkwe amesimama mlangoni, na macho yale yanayouona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, aliziombea ngazi zile maisha marefu.

Mama mkwe alikuwa amevaa gauni refu la pamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nishike mkono niingie."

"Mama, samahani... gauni haliruhusiwi. Inatakiwa nguo inayobana."

Akina mama waliokuwa majini wakageuka wote. Mama mkwe akashika kiuno. "Hebu sema tena, wenzangu wasikie. Mkwe wangu anataka nisimame mbele yake na chupi?"

Weee! Bwawa zima likapasuka kwa kicheko. Kanuni akaangalia dari, akaangalia viatu vyake, akatafuta pa kuweka uso akapakosa. Akiruhusu gauni, meneja yuko dirishani anamtazama. Akikataa, safari ijayo atamkuta mama wa mkewe ndani ya kivazi ambacho hakuna mkwe duniani anayetaka kukiona. Lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na faraja ya kichinichini. Asipoingia majini, magoti hayatapona. Magoti yasipopona, mgeni hatapanda.

"Kanuni ni kanuni, mama," akasema.

"Sawa," akajibu mama mkwe, kwa upole uliomtisha kuliko matusi. "Nitakushonea hiyo kanuni yako."

Wiki iliyofuata akarudi. Alikuwa amefumua miavuli chakavu akashona vazi jeusi la mwili mzima, lastiki shingoni, lastiki mikononi, lastiki miguuni. Kitambaa cha mwavuli hakinywi maji wala hakitoi uzi. Meneja mwenyewe alitoka, akalipapasa, akavuta lastiki, akacheka na kusema aingie.

Ila fundi alishona vizuri mno, na hapo ndipo alipoharibu. Mishono yote aliifunga mara mbili ili maji yasipenye, asikumbuke kwamba hewa nayo haitapata pa kutokea. Alipoteremka majini, vazi likajaa. Mgongo ukavimba, tumbo likavimba, miguu ikaachana na sakafu, na mama wa watu akaelea chali, mikono huku na huku, akisogea taratibu kuelekea kwenye kina kirefu.

"Mkwe wangu weee! Nakwenda!"

Watu walicheka mpaka pale vazi lilipompindua kifudifudi. Kicheko kikakatika.

Kanuni hakuvua kitu. Aliruka na shati, suruali, mkanda, viatu, simu mfukoni. Akamgeuza, akaivuta lastiki ya shingoni, na hewa ikatoka kwa mlio ambao kwa heshima ya mama mkwe hatutausimulia. Akamrudisha kwenye kina kifupi, anakohoa lakini mzima.

"Nyuzi jamani!" mama mmoja akapaza sauti. "Chujio!"

Bwawa likalipuka upya. Kanuni akataka kutoka, lakini mama mkwe alikuwa amemng'ang'ania mkono.

"Ngoja," akasema. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. "He! Goti limenyamaza."

Wakatembea, yeye na vazi lake la miavuli, mkwe na sare yake iliyoloa. Walipofika mbali na masikio ya watu, mama mkwe akashusha sauti.

"Baba, wewe hukutaka nipone."

Kanuni angeweza kuusingizia ubao. Safari hii akauacha. "Mama, nyumbani hakuna makochi. Hakuna kabati. Niliwadanganya, na naona aibu."

"Najua. Nikiongea na binti yangu kwenye simu nasikia mwangwi. Chumba chenye makochi hakina mwangwi." Akapiga hatua nyingine. "Mimi nauliza la maana. Mjukuu wangu analala wapi?"

"Kifuani kwangu, mama. Godoro namwachia mama yake apumzike. Mimi nalala sakafuni na mtoto juu yangu. Nikimweka chini tu, analia."

Mama mkwe akajipangusa uso, ingawa uso wote ulikuwa maji.

"Geuka," akasema, akiukaza ule mkono. "Twende raundi nyingine. Nataka nifike huko juu kabla mtoto hajakizidi hicho kifua."