Likizo ya Mama Dobi

Miaka thelathini Mama Dobi alifua mashuka ya hospitali. Alipostaafu, bintiye alimpeleka gesti apumzike siku tatu, akamwonya mlangoni: "Mama, ukigusa sabuni ya kufulia tu, nakuja kukurudisha."

Kwenye picha za tangazo la gesti, chumba kiling'aa kama mbalamwezi. Kumbe pazia lilining'inia kwa kulabu mbili, bomba lilikohoa upepo mtupu, na shuka lilikuwa na doa la chai lenye umbo la sikio.

"Mwanangu, hili limefuliwa kweli?" alimwuliza mhudumu.

"Limefuliwa, mama. Hilo doa ndilo mwenyeji hapa, sisi sote wageni."

Mama Dobi akacheka bila kupenda. Akamwomba Mungu subira, akajilaza. Lakini lile sikio lilikuwa kama linamsikiliza, na mikono ikaanza kumwasha.

Saa nane mchana alikuwa uani, kwenye pipa la maji ya mvua, povu limemfika viwikoni. Mhudumu naye akamletea mashuka mengine sita, huku akijifanya anapita tu.

Yalipoanikwa, Mama Dobi aliketi chini yake. Upepo ukayainua taratibu, meupe, mepesi, akaona kana kwamba wagonjwa wote wa miaka ile wamepona, wamekwenda makwao, wakamwachia mashuka tu.

Simu ikalia. "Mama, hujagusa sabuni?"

Akaitazama mikono yake. Uongo hakuuzoea.

"Nimeigusa, mwanangu. Ila usije kwanza. Ndiyo sasa naanza kupumzika."