Hatua Nane Kuvuka Ukumbi

Vumbi lilielea kwenye mwanga wa madirisha ya juu, vumbi jembamba la miguu ya watoto. Likapanda, likashuka, likayumba, likapanda tena. Hakuna aliyelifundisha, wala hakuna aliyelicheka.

Fundi saa aliliangalia kutoka mlangoni, maana hakutaka kumwangalia binti yake.

Jumamosi sita alikuwa amemleta kwenye ukumbi huu, na Jumamosi sita alikaa kwenye benchi la nje, ameligeuzia dirisha mgongo. Ndani, mwalimu wa dansi aliwafundisha watoto wanane ambao miili yao haikuwasikiliza upesi. *Kanyaga. Sikia. Nenda.* Maneno hayo yalimfikia hapo benchini, yakapita, yakarudi.

Binti yake alikuwa na miaka tisa. Daktari alisema, taratibu, kwamba si uvivu wala si ukaidi: akili ni nzima, ila habari kutoka kichwani kwenda kwenye viungo huchelewa njiani. Fundi aliitikia kwa kichwa. Kuitikia ni rahisi. Nyumbani vikombe viliendelea kuvunjika, vifungo viliendelea kukosea matundu, na kizingiti kile kile kiliendelea kumwangusha. Shuleni walimwita Pu, kwa mlio wa kitu kizito kinapodondoka.

Baba yake hakuwahi kulitamka jina hilo. Mpaka siku binti alipompelekea chai kazini, kiwiko kikagonga meza, na saa ya mteja, iliyokuwa imefunguliwa vipande vipande, ikamwagika sakafuni kama mtama.

"Pu wewe!"

Maneno mawili tu. Mtoto hakulia. Alipiga magoti, akaanza kuokota skrubu kwa vidole visivyoweza kuokota skrubu. Tangu siku hiyo hakukimbia tena kumpokea baba yake mlangoni.

"Baba," mwalimu alimwita pale mlangoni asubuhi ile, Jumamosi ya saba, "mtoto anayecheza na binti yako anaumwa. Ingia ushike nafasi yake."

"Mimi? Mwalimu, mimi sijui kucheza."

"Humu hakuna anayejua. Vua viatu."

Akavua. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikachungulia, na watoto wawili wakacheka. Kicheko kidogo, kisicho na ubaya. Lakini kilimpanda mpaka masikioni, akajua jinsi kinavyochoma.

Dansi yenyewe ilikuwa hatua nane kutoka ukuta hadi ukuta. Dada yake mwalimu alipiga ngoma, pigo moja kwa hatua moja. *Kanyaga. Sikia. Nenda.* Kwenye hatua ya tatu fundi alitoa mguu usio wa zamu yake. Kwenye ya nne akajikwaa. Mikono iliyozoea kushika springi ya saa, nyembamba kama unywele, kwa koleo ikapapasa hewani, haina pa kushika.

Binti yake akamtazama. Kisha akaenda kwenye rafu, kwa mwendo wake wa kuyumba, akaleta mfuko mrefu wa mchanga ulioshonwa kwa kitambaa cha buluu, akamtundikia mabegani.

"Huu unaukumbusha mwili mahali ulipo," akamwambia. "Wangu husahau. Nikiuambia nenda, wenyewe bado unauliza wapi."

Binti hakuwahi kumweleza baba yake hayo. Hakuwahi kuulizwa.

"Mama," fundi alisema, kama alivyomwita binti yake alipokuwa mtoto mdogo, na sauti yake ikawa nzito kuliko mchanga ule. "Lile jina nililokuita."

"Nalikumbuka."

"Kosa lilikuwa langu. Halikuwa lako hata kidogo. Nisamehe."

Mtoto akaunyoosha mfuko shingoni mwa baba yake, upande huu, upande ule, mpaka ukalala sawa.

"Unakubana?" akauliza.

"Haunibani."

"Basi tuanze."

Wakaanza, bega kwa bega. Moja. Mbili. Tatu, na fundi hakukosea. Nne. Tano, na binti akaanguka. Mlio ule ule. Ukumbi mzima ukausikia.

Mikono ya baba iliruka kabla hajaiamuru.

"Usinishike."

"Sikushiki," akasema, akaikunja mikono kifuani, na hajapata kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Mpiga ngoma aliinua viganja juu ya ngozi, akavizuia hapo. Hakuna aliyemhimiza. Goti moja. Kiganja. Goti la pili. Binti akasimama, akayumba, akatulia, na hapo ndipo ngoma ikalia, mara moja, kwa ajili yake.

*Kanyaga.* Sita.

*Sikia.* Saba, na kati ya saba na nane ngoma ilingoja tena, ikangoja sana.

*Nenda.*

Alipogusa ukuta aligeuka. Baba yake alikuwa bado amesimama kwenye hatua ya tano, mikono kifuani, uso umelowa, hajui aanze na mguu gani.

"Njoo, baba," alisema. "Usiwe na haraka. Tunakungoja."