Ng'a Huja Mwisho

Droo ya N ilikuwa wazi tena. Si wazi sana, upana wa kiganja tu, kama imeachwa na mtu aliyeitwa kidogo, anayejua anarudi sasa hivi. Mama Kadi alisimama mbele ya kabati, mkoba bado begani, akanusa. Nta ya sakafu. Na sakafu ya maktaba ile ilifunikwa zulia tangu yeye hajaolewa.

Jina la Mama Kadi alipachikwa na wenzake, maana ndiye pekee aliyebaki anayelielewa lile kabati la kadi: droo sitini, kila kitabu na kadi yake. Kompyuta zilipokuja kabati likasukumwa ukutani, naye akasukumwa nalo. Mwaka wa sita huu alikuwa kaimu mkutubi. Wengine walikaimu miezi mitatu wakathibitishwa. Yeye ukaimu ulimganda kama kupe. Koridoni zilining'inia picha za wakutubi wote tangu maktaba ifunguliwe, kumi na moja, Wazungu watupu, na baada ya ile ya mwisho palikuwa na msumari usio na kitu. Kila akipita, aliona kama msumari unamkodolea macho.

"Kaka, nani aliingia humu jana?" alimuuliza mlinzi.

"Dada, mimi ndiye niliyefunga na mimi ndiye niliyefungua. Labda panya."

"Panya gani anajua alfabeti?"

"Wa hapa wamesoma," mlinzi alisema, akacheka peke yake, halafu akageuka kutazama nyuma.

Ingekuwa droo tu, Mama Kadi angenyamaza. Lakini wiki nzima alikuwa akisahihisha kosa la droo ile, kosa la kale lililojulikana na kila mfanyakazi. Kadi za vitabu vinavyoanza na ng' hazikukaa pamoja na za nga na nge. Zilikaa peke yake, mwisho kabisa, nyuma ya nya na nyu. Jioni anazihamisha. Asubuhi anazikuta zimerudi mwisho, kingo zimenyooshwa, hakuna hata moja iliyopinda. Mara nne sasa.

Aliyeagiza zisahihishwe ni Mkuu wa maktaba, Mzungu mpole asiyepandisha sauti hata akikunyima kitu. Kabati lilikuwa likiandaliwa kwa sherehe ya Ijumaa ijayo. Lingewekwa ukumbini na juu yake kibao cha shaba chenye jina la aliyeandika kadi zote zile, Bwana Miwani, mkutubi wa kwanza. Mama Kadi alipewa kazi ya kutunga maneno ya kibao.

"Ukinimalizia hili, Mama," Mkuu alisema, "barua yako ya kuthibitishwa naitia saini siku hiyohiyo."

Asubuhi hii ya tano hakuzihamisha. Alikaa chini, akazipitisha kadi vidoleni, midomo ikicheza yenyewe: na, nya, ng'a. Akashtuka. Mdomo wake ulikuwa ukiimba wimbo alioufundishwa barazani na Babu, baba yake mama, huku akimfinya pua. "Ng'a huja mwisho, mjukuu wangu, kwa sababu inapita puani, njia ndefu." Alipoanza shule alichapwa kwa wimbo huo. Hakuwahi kukutana na mtu mwingine aliyeujua.

Na Babu alifanya kazi humuhumu. Alipangusa vumbi na kung'arisha sakafu kwa nta. Enzi zile mtu mweusi aliingia kwa mlango wa nyuma, na kitabu alikigusa kwa kitambaa tu. Kila jioni alirudi nyumbani akinuka nta, kidole cha kati kina wino. Bibi akiuliza, anaambiwa wino umemwagika ofisini kwa Bwana Miwani.

"Wino gani wa kumwagika kila siku?" Bibi alikuwa akinung'unika. "Huyo Bwana wako mikono yake imetoboka?"

Mama Kadi alishuka stoo, akatoa taarifa za mwaka za Bwana Miwani, akazifungua moja baada ya nyingine mpaka vumbi likamkaba. Katika ya tatu akakuta: "Mpangusaji ameiharibu droo ya N. Nimetafuta kitabu cha ng'ombe saa nzima nisikipate. Nimemwamuru aniandikie kadi upya." Katika ya nne: "Droo ya N bado."

Alizisoma mara mbili. Pale stoo hapakuwa na mtu, lakini alisikia kitambaa kikipita taratibu juu ya mbao.

Alimkuta Mkuu amesimama kando ya kabati.

"Mkuu, naomba unitafutie kitabu cha ng'ombe."

Mkuu alivuta droo, akapekua kwenye nga na nge alikoagiza zihamishiwe, akarudi mwanzo, akapekua tena. Masikio yakamwiva. "Hakipo."

Mama Kadi aliitoa kadi mwishoni. Halafu akamwekea mezani zile taarifa mbili. "Huwezi kupotea katika nyumba uliyojenga mwenyewe. Kadi hizi aliandika babu yangu."

"Mama, kwenye orodha ya wafanyakazi yeye ni mpangusaji."

"Ndiyo. Na mimi ni kaimu."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kibao kimeshaagizwa. Ningekuwa wewe ningeifikiria ile barua."

Aliifikiria. Miaka sita si mchezo, na msumari ule aliujua hadi kutu yake. Hata hivyo akachukua kalamu na karatasi ya maneno ya kibao, na mahali pa jina akaandika la babu yake, lote, herufi kwa herufi, na mbele yake akaongeza: mkutubi.

Mkuu alisoma, akakunja karatasi. "Basi vyote viwili vitasubiri," alisema kwa upole wake. "Kibao na barua."

Kesho yake droo ya N ilikuwa imefungwa. Mama Kadi aliigusa, kama mtu aliyeagwa akiwa usingizini. Alinusa, hakuna nta. Harufu iliyokuwapo ilikuwa ya moshi wa kuni. Na sabuni ya kufulia. Na mafuta ya mashine.

Ndipo akainua macho. Droo ya B ilikuwa wazi, upana wa kiganja. Ya K pia. Ya M, ya S, ya T. Akachomoa kadi ya S: mwandiko si wa Babu, ule wa droo ya N; huu, ambao miaka yote hakuutazama vizuri, umelalia kushoto. Ya T ilikuwa ya mkono mwingine kabisa, mzito, uliotoboa karatasi. Mpishi, dobi, fundi, nani ajuaye, wote wa mlango wa nyuma.

Mlinzi alikuja akasimama mbali. "Dada, panya wamekuwa wengi."

"Si panya, kaka. Niletee kiti."

"Na kile kibao chenu?"

Mama Kadi alikuwa ameshaanza kuivuta droo ya kwanza.

"Hakitatosha," alisema.