Bluu ya Jabiri

Kaka yangu Jabiri anasomea mawe kwenye kompyuta. Anaieleza atomi zimepangwaje ndani ya jiwe, nayo kwa kanuni za kwanta inakokotoa elektroni zitakaa wapi na jiwe litakuwa na rangi gani. Mimi Yusra, dada yake, nilijigamba kwa hilo kijiji chetu kizima cha Mashewa, maana mdomo wangu hauna kufuli.

Mjomba Mhina ndiye aliyemsomesha. Kwetu Wazigua mjomba ni baba hasa, na huyu wetu ada aliitoa shimoni, akichimba safaya, mawe ya thamani, mpaka kifua kikajaa vumbi. Daktari alimwambia aache. Mwaka huu akapata jiwe kubwa kama kidole gumba, ila la kijani kilichofifia, ambacho wanunuzi hawakitaki. Lingegeuka bluu, mjomba angepumzika.

Jabiri alipokuja likizo akalifanyia hesabu. Akatueleza kwamba moto mkali ukichanganya vizuri chuma na titani zilizomo ndani, elektroni itaruka toka atomi moja kwenda kwa jirani yake, jiwe litameza mwanga mwekundu, na sisi tutaona bluu.

Mzee Sadala, mwenzake mjomba wa shimoni, alilimulika kwa tochi akaonyesha ufa mwembamba pembeni.

"Tukate hapa kwanza. Litapungua, lakini moto hautalipasua."

"Mzee, mtalipunguza bure," Jabiri akasema. "Hesabu nimeirudia. Bluu ni ya uhakika."

Hakudanganya. Ila jiwe la kwenye kompyuta ni kifungu kidogo cha atomi kinachorudiwa kila upande bila mwisho. Halina ukingo wala ufa. Yeye aliuliza habari ya rangi tu, ya kupasuka hakuiuliza kabisa.

Mjomba akamgeukia Sadala. "Neno la mpwa wangu nilikatae mbele za watu? Nani atamwamini tena?"

Basi tukalipeleka Korogwe mjini, kwa Habakuki mwenye tanuri la umeme. Siku ya kufungua, Habakuki alipofunua kikombe kilichochomewa jiwe, Jabiri aliwahi kuchungulia kabla ya mwenye jiwe. Akarusha mikono juu.

"Bluu! Si nilisema? Bluu tupu!"

Kweli ilikuwa bluu, ile ile aliyotuonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Lakini jiwe lilikuwa vipande vipande, kikubwa kuliko vyote hakizidi punje ya mchele. Kaka yangu aliendelea kucheka mpaka alipogundua anacheka peke yake. Nilitamani ardhi inimeze, kwa ajili yake na kwa ajili ya majigambo yangu. Mtu anashangilia kupatia, na aliyempa kila kitu amesimama nyuma yake!

"Nisamehe, mjomba," Jabiri alisema.

Mjomba alikohoa kwanza. "Hesabu ilitoka sawa?"

Jabiri akainama. "Ilitoka sawa."

"Basi kaiandike vizuri, walimu wako waione."

Laiti angemtukana.

Jumatatu asubuhi mjomba alichukua sururu. Jabiri akamzuia mlangoni, akamsihi ampe yeye aende badala yake. Mjomba alimshika viganja, akavitazama vilivyo laini.

"Hivi nimevisomesha ili visishike sururu," akasema. "Nipishe, baba, jua linapanda."

Jabiri akampisha. Hakuinua uso mpaka kikohozi kilipopotelea njiani.