Vilima Vitatu vya Shaba

Jumapili moja katika chama cha wakusanya sarafu wa Plovdiv, Milka mfamasia, mwanachama mgeni kabisa, alitoa mkobani sarafu aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaipitisha mezani. Ilipomfikia mwenyekiti, Tsanko, moyo ukamlipuka. Ilikuwa ya shaba, imegongwa papo hapo mjini enzi za Warumi: upande mmoja kaisari, upande wa pili vilima vitatu. Pacha wake alikuwa mfukoni mwa Tsanko mwenyewe, na Alhamisi angeikabidhi makumbusho, iwekwe kwenye kabati la vioo na jina lake chini. Miaka ishirini na sita alikuwa amewachosha watu masikio kwamba hakuna nyingine kama hiyo.

Akaitoa yake, akaziweka pamoja, akashika lenzi. Kufanana sura si neno, chapa moja huzaa sarafu nyingi. Ufa wa ukingoni ndio mwamuzi, maana kila kipande cha shaba kikigongwa hupasuka kivyake. Na hizi mbili zilikuwa na ufa uleule, palepale, umepinda vilevile. Basi moja ilimiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kwa nyingine, na ya kumimina huwa nyepesi kuliko ya kugongwa. Akazipima. Ya Milka, gramu kumi na tisa. Yake, kumi na sita na ushei. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Angeweza kusema ya Milka ndiyo bandia. Nani angembishia? Milka mwenyewe alikuwa hajajua hata kuishika sarafu kwa ukingo. Lakini Tsanko aliinua macho, akamwona Gencho, rafiki yake tangu jeshini, aliyempa sarafu ile kwa kubadilishana na sarafu kumi na moja safi. Gencho alikuwa amekiinamia kikombe cha kahawa kana kwamba kuna kitu kimemdondokea humo. Aliishi ukuta kwa ukuta na babake Milka. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi. Hilo lilimuuma Tsanko kuliko makumbusho yote ya dunia.

"Ya kweli ni yako, binti," alisema. "Yangu imemiminwa. Alhamisi nenda wewe, waandike jina la baba yako."

Milka akauliza nani aliyeimimina.

"Hapa hatuulizi sarafu imetoka wapi," Tsanko akamjibu.

Mwiko huo ulikuwepo mezani tangu enzi za Wakomunisti, wanachama walipokuwa wanakutana kwa kujificha, na hakuna aliyewahi kuuvunja.

Jumapili mbili Gencho hakuonekana. Ya tatu akaja, akakaa mahali pake bila salamu, akafungua leso mbele ya Tsanko. Sarafu kumi na moja. Tsanko akazitambua zote, hata ile yenye sura ya mungu Apolo aliyoikwangua pua kwa pini ujanani akidhani anaisafisha. Alitaka kumtukana tusi la kambini, tena mbele za watu, na watu wenyewe walikuwa wakilisubiri.

Akaishika ya Apolo kwa ukingo, akaigeuza kwenye mwanga.

"Nzuri hizi, Gencho," akasema.

Akampitishia Milka ya kwanza, akamwonyesha namna ya kuishika. Hakuuliza zimetoka wapi.