Anayeitika Chini ya Bucha

Ukienda soko jipya la mtaa wetu, njia ya Bujora, usimwambie konda "sokoni". Kibao cha kituo kimeandikwa SOKONI kwa rangi ya bluu, lakini nani anasoma kibao? Unasema, "Nishushe kwa Paskazia." Konda anapaza sauti, "Kwa Paskazia wapo?" Na chini ya bucha la Luhaga, penye gogo la kukatia nyama, Paskazia anaitika, "Abee!"

Luhaga husubiri amalize, kisha huendelea na mbavu zake.

Paskazia alifariki miaka sita iliyopita, akazikwa uani kwake, hapohapo. Soko lilipokuja, makaburi yalihamishwa: manne, yote ya saruji. La kwake lilikuwa la udongo, na msalaba wake wa mbao ulishaliwa na mchwa. Halikuhesabiwa. Binti yake, Sabina, alikuwa Sengerema akimuuguza mumewe. Aliporudi alikuta kaburi limefunikwa na vigae vya bucha.

Paskazia alilea wanawe kwa amri moja: ukiitwa, itika, hata kama umechoka. Basi anaitika. Makonda, bodaboda, wauza dagaa wanaoelekezana kwa simu, kutwa nzima. Mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Sabina, anayeuza nyanya pembeni ya bucha, ilimuuma sana. Mama yake alikufa amechoka, na mpaka leo hajapumzika.

Alikwenda ofisi ya mtaa mara tatu. Hatimaye afisa kijana akaja na faili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Orodha ina makaburi manne, na manne yamehamishwa. La tano silioni."

"Si utamsikia?"

Gari likasimama. Konda akaita. "Abee," sauti ikatoka chini ya viatu vya afisa, imekauka kama ya mgonjwa. Afisa akatega sikio, akaandika: *Sauti imesikika. Kaburi halijaonekana.* Akanunua nusu kilo ya maini, akaondoka.

Sabina akawaomba makonda waseme "Sokoni". Walijaribu wiki nzima. Abiria wakapitishwa kituo, wakatukana. Mazoea yana taabu, jamani.

Basi mwezi wa tano akahamishia meza yake kando ya barabara. Konda akiita tu, yeye anawahi: "Abee!"

Siku ile ya kwanza Luhaga alisikia mtu akishusha pumzi chini ya gogo, pumzi ndefu. Akamfuata Sabina. "Amelala," alisema. Sabina akalia mbele za watu, akajifuta kwa kanga, akampimia mteja nyanya zake.

Tangu hapo hajakosa hata siku moja. Bucha lipo palepale.

Alhamisi iliyopita mumewe, Nkwabi, alifika kutoka Sengerema. Akasimama nyuma yake, akamwita, "Sabina." Sabina akaendelea kupanga nyanya. Akamwita tena, na tena.

"Jina hilo haitikii siku hizi," Luhaga akamwambia. "Mwite la mama yake."

Nkwabi akainamisha kichwa. Kwao jina la mkwe halitamkwi, na tangu aoe hajawahi kulitia mdomoni. Akavua kofia, akalitamka.

"Abee," mkewe akageuka.